Mobutu Sese Seko: kiongozi aliyebaki bila mtu wa kumwambia hapana

Tarehe 18 mwezi wa tano mwaka 1997, ndege ya mizigo iliruka kutoka uwanja wa Gbadolite, kaskazini mwa nchi ambayo mpaka siku moja mbele ilikuwa ikiitwa Zaïre. Ndani yake mlikuwa mzee mgonjwa, mke wake na watu wa jamaa yake. Uwanja ule ulijengwa mrefu kupita mahitaji ya mji mdogo kama ule, ili Concorde, ndege ya abiria iliyokuwa na mbio kuliko zote wakati huo, iweze kutua. Siku hiyo hapakuwa na Concorde. Ndege ya mizigo ilipokuwa inapanda, ilipigwa risasi kutoka chini. Waliofyatua risasi hawakuwa wapiganaji wa AFDL waliokuwa wameingia Kinshasa. Walikuwa waaskari wa DSP, kikosi ambacho mzee yule alikiunda kwa ajili ya kumlinda, na ambacho sasa kilijiona kimeachwa.

Hivyo ndivyo Mobutu Sese Seko alivyoaga nchi aliyoitawala karibu miaka 32. Vijana waliozaliwa nyuma ya mwaka huo wanamjua kwa kofia yake ya chui, fimbo yake na majumba yake yanayooteshwa majani. Kuna wanaosema alikuwa mwizi tangu siku ya kwanza, na kuna wazee wanaomkumbuka kwa hamu kwa sababu ya mabaya yaliyofuata. Lakini ukifuata maisha yake mwaka kwa mwaka unaona jambo lingine. Alianza kama kijana mwenye akili na bidii kupita wenzake wengi. Kisha akaondoa, mmoja baada ya mwingine, watu na vyombo vyote vilivyoweza kumwambia hapana. Siku alipohitaji kuambiwa ukweli, hakubaki mtu wa kuusema.

Mtoto wa mpishi wa Lisala

Joseph-Désiré Mobutu alizaliwa tarehe 14 mwezi wa kumi mwaka 1930 mjini Lisala, kando ya mto Congo, katika jimbo la Équateur. Wazazi wake walikuwa Wangbandi. Baba yake, Albéric Gbemani, alikuwa mpishi nyumbani kwa hakimu mmoja Mbelgiji. Mama yake aliitwa Marie-Madeleine Yemo. Bibi wa hakimu alimpenda mtoto huyo, akamfundisha kusema na kusoma Kifaransa vizuri, jambo ambalo watoto wachache sana wa Kongo walilipata wakati ule.

Baba alikufa mtoto akiwa na miaka 8. Kuanzia hapo Mobutu alilelewa huku na huku, kwa mama na kwa jamaa, mpaka akafika shule ya mapadri mjini Coquilhatville, ambao leo ni Mbandaka. Alikuwa mwerevu darasani, hodari katika michezo, lakini msumbufu. Alipotoroka shule kwa kujificha ndani ya mashua iliyokuwa inateremka Léopoldville, mapadri walichoka naye. Mwaka wa 1950 alipelekwa jeshini, katika Force Publique, kwa muda wa miaka 7, adhabu iliyokuwa ya kawaida kwa wanafunzi wakaidi.

Jeshi lilimtengeneza. Alijifunza kazi ya ukarani na hesabu mjini Luluabourg, Kananga ya leo, na akapanda mpaka cheo cha sajini. Usiku alisoma magazeti na vitabu vilivyoachwa na maofisa wazungu. Alipotoka jeshini mwaka wa 1956 akawa mwandishi wa habari Léopoldville, katika gazeti L'Avenir na katika jarida Actualités Africaines. Kazi hiyo ilimfikisha Bruxelles, na ndiyo iliyomkutanisha na Patrice Lumumba. Akaingia katika chama chake, MNC, akawa mtu wake wa karibu.

Rafiki aliyemkabidhi jeshi

Nchi ilipopata uhuru tarehe 30 mwezi wa sita mwaka 1960, Lumumba, aliyekuwa waziri wa kwanza, alimpa Mobutu kazi katika ofisi yake. Siku 5 baadaye waaskari waliasi dhidi ya maofisa wao Wabelgiji. Serikali ilihitaji haraka Wakongomani wa kuongoza jeshi. Victor Lundula akawekwa kuwa kamanda, na Mobutu, aliyewahi kuwa sajini, akafanywa kanali na mkuu wa majeshi. Alikuwa hajatimiza miaka 30.

Mwezi wa tisa, Rais Joseph Kasa-Vubu na Lumumba wakafukuzana kazini kila mmoja kwa upande wake. Tarehe 14 mwezi huo Mobutu alitangaza kwamba jeshi linawaweka wote wawili kando. Marekani na Ubelgiji, waliomwogopa Lumumba, walimwona Mobutu kuwa mtu wa kutegemewa, na pesa za wapelelezi wa Marekani zilimsaidia kulipa waaskari. Baada ya miezi michache Kasa-Vubu aliendelea na kazi yake. Lumumba alikamatwa na waaskari wa Mobutu, akafungwa Thysville, akapelekwa Katanga na kuuawa tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka 1961.

Somo ambalo kanali kijana alilipata katika miezi ile lilikuwa baya. Aliona kwamba bunge linaweza kufungwa, waziri wa kwanza aliyechaguliwa anaweza kuondoshwa, na rafiki aliyekuinua anaweza kutolewa kwa maadui zake, na bado wakubwa wa dunia wakakupigia makofi.

Miaka mitano aliyoahidi

Miaka iliyofuata ilikuwa ya damu: Katanga ilijitenga, uasi wa Mulele ukawaka Kwilu, na Simba wakateka sehemu kubwa ya mashariki. Mwaka wa 1964 Mobutu alifika kwenye mapigano ya Kamanyola, katika bonde la Ruzizi kati ya Bukavu na Uvira. Baadaye jina la kijiji hicho cha Kivu ya Kusini lilipewa kikosi cha jeshi, uwanja wa mpira na hata mashua yake ya kifahari, ili nchi nzima ikumbuke ushujaa wake.

Wanasiasa walipoanza kugombana tena, Mobutu alichukua nchi tarehe 24 mwezi wa kumi na moja mwaka 1965. Aliahidi kutawala miaka 5 tu ili kutengeneza mambo. Raia wengi walipumua. Walikuwa wamechoka na vita, na hawakuona ubaya wa kumwachia askari mmoja mamlaka yote kwa muda mfupi.

Miaka ya kwanza ilileta faida zinazoonekana. Majimbo madogo madogo 21 yalipunguzwa hadi 8, na maliwali wakatumwa kufanya kazi nje ya makwao ili kupunguza ukabila. Miji ilivua majina ya wakoloni: Léopoldville ikawa Kinshasa, Stanleyville ikawa Kisangani, Élisabethville ikawa Lubumbashi. Mamluki wa Schramme waliokuwa wameteka Bukavu mwaka wa 1967 walifukuzwa. Kampuni kubwa ya shaba ya Wabelgiji, Union Minière, ilitaifishwa na baadaye ikaitwa Gécamines. Pesa mpya, zaïre, ilitoka mwaka huo huo, na zaïre moja ilikuwa na thamani ya dola 2 za Marekani.

Lakini katika miaka hiyo hiyo milango ilikuwa inafungwa. Bunge lilinyang'anywa uwezo wake, na cheo cha waziri wa kwanza kikaondolewa mwaka wa 1966. Mwezi wa sita mwaka huo, wanasiasa wanne walinyongwa hadharani Kinshasa mbele ya umati mkubwa: Évariste Kimba aliyewahi kuwa waziri wa kwanza, Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba. Walihukumiwa kwa shtaka la kupanga kupindua serikali, katika kesi fupi sana. Mwaka wa 1968 Pierre Mulele alirudi kutoka Brazzaville akiamini ahadi ya msamaha. Aliuawa. Tarehe 4 mwezi wa sita mwaka 1969, wanafunzi wa chuo kikuu walioandamana Kinshasa walipigwa risasi.

Kila tendo la namna hii lilifundisha watu kunyamaza. Na kila mara watu waliponyamaza, kiongozi aliona ni dalili ya kukubaliwa.

Chama, nchi na mtu mmoja

Tarehe 20 mwezi wa tano mwaka 1967 kilizaliwa chama cha MPR. Mwaka wa 1970, miaka 5 ilipotimia, hakuna aliyekumbusha ahadi. Mobutu alisimama kuwa mgombea peke yake. Raia walipewa karatasi ya kijani ya kumkubali au nyekundu ya kumkataa, mbele ya macho ya watu. Hesabu rasmi ilimpa kura zaidi ya milioni 10, na waliomkataa katika nchi nzima walikuwa 157. MPR ikawa chama pekee, na kila Mkongomani alihesabiwa kuwa mwanachama tangu siku ya kuzaliwa.

Mwezi wa kumi mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaïre, na mto vilevile. Mwaka uliofuata majina ya Kikristo yalipigwa marufuku, na padri aliyembatiza mtoto kwa jina la kigeni aliweza kufungwa. Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu Wa Za Banga. Wanaume wakaacha tai na kuvaa abacost. Kulikuwa na jambo la maana katika siasa hiyo ya kurudia asili, maana Wakongomani walikuwa wamefundishwa muda mrefu kudharau kila kilicho chao. Lakini Kardinali Joseph-Albert Malula alipothubutu kupinga, alinyang'anywa nyumba yake na kulazimika kukaa Roma kwa muda. Asili iliyosifiwa ilikuwa ile aliyoichagua mkubwa mwenyewe, na haikujadiliwa.

Heshima zikazidi mpaka zikafanana na ibada. Habari za televisheni zilianza kwa sura yake ikishuka kutoka mawinguni. Hospitali kubwa ya Kinshasa ilipewa jina la mama yake, Mama Yemo. Ziwa Albert, upande wa Ituri, likaitwa Ziwa Mobutu Sese Seko. Mwanzoni mwa mwaka 1975 kulikuwa na majuma ambayo vyombo vya habari havikuruhusiwa kutaja jina la kiongozi mwingine yeyote, waliobaki wakitajwa kwa vyeo vyao tu. Asubuhi wafanyakazi na wanafunzi waliimba na kucheza kumsifu kabla ya kazi. Katiba ya mwaka 1974 ilimalizia: MPR ikawa chombo pekee cha nchi, na rais wa MPR akawa juu ya bunge, serikali na mahakama.

Mwaka huo wa 1974 ulionekana kuwa wa utukufu. Timu ya Léopards ilichukua kombe la Afrika na kwenda kombe la dunia, na Muhammad Ali na George Foreman walipigana Kinshasa mbele ya macho ya dunia nzima. Mtu aliyesikia sifa kila siku, na kuona dunia ikija kwake, hakuwa na sababu ya kujiuliza kama anakosea.

Maduka na mashamba yanagawanywa

Kosa lililovunja uchumi lilikuwa limekwisha kuanza. Tarehe 30 mwezi wa kumi na moja mwaka 1973, Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa wananchi. Maduka ya Wagiriki, Wareno na Wahindi, mashamba ya kahawa na chai ya Wazungu wa Kivu, karakana na magari, vyote vilipata mabwana wapya. Katika sheria ilikuwa haki kwa nchi iliyonyonywa. Katika kazi yenyewe, mali iligawanywa kwa wakubwa wa chama, majenerali na jamaa zao. Mobutu mwenyewe alijipatia mashamba mengi yaliyokusanywa katika kampuni yake, CELZA.

Wengi wa mabwana wapya waliuza bidhaa zilizokuwa rafuni na kufunga milango. Wafanyakazi walibaki bila mishahara, na vijiji vilivyozoea kupata chumvi na vitambaa dukani vikakosa. Wakati huo huo bei ya shaba ilianguka katika soko la dunia. Mwaka wa 1976 serikali ililazimika kuwaita wenye mali warudi, lakini ni wachache waliorudi.

Hapa ndipo ubaya wa mamlaka yasiyo na mpaka unaonekana wazi. Uamuzi mkubwa namna hiyo haukupitia bungeni kwa majadiliano, wala haukuchunguzwa na mtu aliyeweza kuukataa. Ulitoka kwa mtu mmoja, na waliojua madhara yake walipiga makofi kwa sababu walikuwa wanangoja sehemu yao. Shule za makanisa nazo zilitaifishwa wakati huo na kurudishiwa makanisa miaka michache baadaye, zikiwa zimeharibika.

Kivu iliona jambo kama hilo katika swala la uraia. Sheria ya mwaka 1972 iliwapa uraia kwa jumla watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wamekaa Kivu tangu mbele ya mwaka 1950. Sheria ya mwaka 1981 ikaufuta. Katika nchi ambamo sheria ilikuwa ni lile alilotaka mkubwa siku hiyo, jambo zito namna hiyo lilipinduliwa mara mbili katika miaka 9 bila wakaaji wenyewe kukaa pamoja na kusikilizana. Kivu inaendelea kulipa deni la maamuzi hayo.

Uongozi kwa pesa na woga

Katika mwaka wa 1976 Mobutu aliwaambia wafanyakazi wa serikali hadharani kwamba, wakiiba, waibe kidogo na kwa akili. Wizi ulikuwa umekuwa sehemu ya utawala. Pesa za Benki ya Zaïre na za Gécamines zilitoka kwa amri ya ofisi ya rais. Mwaka wa 1978 Shirika la Fedha la Dunia, IMF, lilimtuma Mjerumani Erwin Blumenthal kusimamia benki hiyo. Aliondoka mwaka uliofuata, na ripoti yake ilieleza waziwazi kwamba, kwa ulaji ule, waliokopesha Zaïre wasitazamie kulipwa. Mikopo iliendelea, kwa kuwa wakati wa ushindani kati ya Marekani na Urusi Mobutu alikuwa rafiki wa Magharibi. Waasi walipoingia Shaba mwaka wa 1977 na kuteka Kolwezi mwaka wa 1978, Wamoroko, Wafaransa na Wabelgiji ndio waliomwokoa, maana jeshi lake halikuweza.

Maisha ya Nguz a Karl-i-Bond yanaonyesha jinsi alivyowashika watu. Alikuwa waziri wa mambo ya nje. Mwaka wa 1977 alihukumiwa kufa kwa usaliti na aliteswa gerezani. Mwaka uliofuata alisamehewa, na mwaka wa 1980 akafanywa waziri wa kwanza. Mwaka wa 1981 alikimbilia Ubelgiji, akaandika kitabu kumshtaki Mobutu na kutoa ushahidi mbele ya wabunge wa Marekani. Mwaka wa 1985 alirudi nyumbani, na mwaka wa 1986 akatumwa Washington kuwa balozi wa mtu yule yule aliyemshtaki. Kwa namna hiyo kila mkubwa alijua kwamba cheo, nyumba, gereza na hata uhai vyote vilikuwa mkononi mwa mtu mmoja. Mtu wa namna hiyo hamwambii mkubwa wake kwamba nchi inakufa.

Waliojaribu kusema walilipa. Mwishoni mwa mwaka 1980 wabunge 13, kati yao Étienne Tshisekedi na Joseph Ngalula, walimwandikia rais barua ndefu wakitaja makosa ya utawala na kuomba mageuzi. Walikamatwa na kufukuzwa mijini kupelekwa vijijini kwao. Mwaka wa 1982 walianzisha UDPS, na mateso yakaendelea. Mwaka huo huo Mobutu alijipandisha cheo kuwa marshali.

Wakati wabunge wale wakiwa kizuizini, Gbadolite ilikuwa inageuka mji wa majumba ya marumaru, yenye bustani na mabwawa ya maji. Kulikuwa na jumba lingine Roquebrune-Cap-Martin, pwani ya Ufaransa, na lingine Savigny, Uswisi. Barabara ya Bukavu kwenda Kisangani iliingiwa na pori, na mwalimu wa shule aliishi kwa michango ya wazazi.

Alipowauliza wananchi

Mwisho wa mwaka 1989 ukuta wa Berlin ulikuwa umeanguka, na rafiki yake Nicolae Ceaușescu, aliyetawala Romania kwa mkono wa chuma, alipigwa risasi na watu wake. Mwanzoni mwa mwaka 1990 Mobutu alizunguka nchi kuwasikiliza raia. Yalimfikia maelfu ya maandishi. Wafanyakazi, maaskofu na wanafunzi walimwandikia yale ambayo hakuna waziri aliyethubutu kumwambia katika miaka 25. Tarehe 24 mwezi wa nne, kule N'Sele, alitangaza mwisho wa chama kimoja, na akatokwa na machozi.

Baada ya majuma mawili na siku chache, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 mwezi wa tano, wanafunzi wa chuo kikuu cha Lubumbashi walishambuliwa na kuuawa katika makao yao. Ubelgiji ikasimamisha msaada. Mkutano mkuu wa kitaifa ulifunguliwa mwezi wa nane mwaka 1991. Mwezi uliofuata waaskari wasiolipwa walianza kupora Kinshasa, na uporaji ukaenea katika miji mingine. Tarehe 16 mwezi wa pili mwaka 1992 Wakristo walioandamana kwa amani wakidai mkutano huo ufunguliwe tena waliuawa barabarani. Mkutano ulimchagua Tshisekedi kuwa waziri wa kwanza, lakini Mobutu hakukubali kuachia jeshi wala benki. Mwanzoni mwa mwaka 1993 waaskari walilipwa kwa noti mpya ya zaïre milioni 5 ambayo wachuuzi waliikataa. Wakapora mara ya pili. Mwaka wa 1994 bei za vitu zilipanda kwa zaidi ya 9000 kwa mia. Ile zaïre iliyoanza na thamani ya dola 2 haikuwa tena na thamani ya kuokotwa.

Mwisho unatokea mashariki

Mobutu alihamia Gbadolite na katika mashua yake, akaiacha nchi ijiendeshe. Mwaka wa 1993 watu walichinjana Walikale na Masisi. Mwaka wa 1994 zaidi ya milioni moja ya wakimbizi wa Rwanda waliingia Kivu, pamoja na waaskari na wanamgambo waliofanya mauaji ya kimbari. Hapakuwa na dola ya kuwapokonya silaha wala ya kulinda wakaaji wa Goma, Bukavu na Uvira.

Vita vilipoanza mwaka wa 1996, Mobutu alikuwa Uswisi akitibiwa kansa. AFDL ya Laurent-Désiré Kabila, ikisaidiwa na Rwanda na Uganda, ilishika Uvira na Bukavu katika mwezi wa kumi, kisha Goma. Askofu mkuu Christophe Munzihirwa, aliyebaki Bukavu kuwatia watu moyo baada ya wakubwa wa serikali kukimbia, aliuawa tarehe 29 mwezi huo. Waaskari wa serikali walirudi nyuma wakipora raia waliopaswa kuwalinda. Maelfu ya raia na wakimbizi walikufa msituni na barabarani. Tarehe 17 mwezi wa kumi na mbili Mobutu alirudi Kinshasa, na umati ukampokea kwa shangwe, labda kwa matumaini ya mwisho. Lakini pesa za jeshi zilikuwa zimeliwa na majenerali aliowachagua kwa ujamaa na utii. Kisangani ilianguka mwezi wa tatu mwaka 1997, Lubumbashi mwezi wa nne.

Mwanzoni mwa mwezi wa tano Nelson Mandela alimkutanisha na Kabila ndani ya meli Pointe-Noire. Mobutu alikuwa dhaifu, hata kuingia melini kulikuwa kazi ngumu. Siku chache baadaye majenerali wake walimwambia hatimaye kwamba hawawezi kumlinda tena Kinshasa. Jenerali Mahele, aliyetaka mji usimwage damu, aliuawa na watu wa upande wake mwenyewe. Mobutu alikwenda Gbadolite, kisha Togo, kisha Maroko. Alikufa Rabat tarehe 7 mwezi wa tisa mwaka 1997, akiwa na miaka 66. Amezikwa huko, katika makaburi ya Wakristo, mbali na mto aliozaliwa kando yake.

Gbadolite iliporwa. Uwanja wa mpira wa Kinshasa uliobeba jina la Kamanyola unaitwa leo uwanja wa Mashahidi, kwa kumbukumbu ya wale wanne walionyongwa mwaka wa 1966. Na walioandika katiba ya mwaka 2006, wengi wao wakiwa wameishi chini ya utawala ule, waliweka kifungu cha 220, kinachokataza kugeuza idadi na urefu wa mihula ya rais. Hawakuweka kifungu hicho kwa kudhani kwamba kila rais atakuwa mtu mbaya. Walikumbuka kijana wa Lisala aliyeomba miaka 5 tu, na nchi nzima ikaona haina ubaya kumpa.